Kupanga umbali wa kamera kwenye OAG: mwongozo kwa wapiga picha za nyota wa Kigoma na Tabora

Ukishavuka milimita 800 za urefu wa fokasi, darubini ndogo ya kuongozea (inayofuatilia nyota moja ili stendi isahihishwe wakati picha inapigwa) iliyofungwa mgongoni mwa ile kubwa huanza kukudanganya. Chuma hupinda kidogo, kioo kikubwa hucheza kidogo kwenye kikombe chake, na darubini mbili zilizoanza usiku zikitazama sehemu moja huumaliza zikitazama sehemu mbili. Grafu ya kuongoza imetulia kabisa, lakini nyota kwenye picha ya dakika 5 zimevutika kama punje za mchele.

Dawa yake ni OAG (off-axis guider, kifaa cha kuongozea kutoka pembeni). Ni pete ya chuma inayokaa mbele ya kamera kuu, na ndani yake kuna prizimu ndogo inayochungulia ukingoni mwa mwanga. Prizimu hiyo huchota mwanga ambao usingefika kwenye kihisi cha kamera kuu na kuupeleka pembeni, kwenye kamera ndogo ya kuongozea. Kamera zote mbili zinatumia kioo kilekile, kwa hiyo kioo kikicheza, zote mbili zinaona.

Wengi hununua OAG, wanaifunga, hawaoni nyota hata moja, wanairudisha kwenye boksi. Mara nyingi kifaa hakina kosa. Tatizo ni umbali, na umbali unapimwa mezani mchana, siyo gizani ukiwa umeng'ata tochi. Mpangilio wa kazi nao una maana kubwa: kamera kuu hupangwa kwanza, prizimu hufuata, kamera ya kuongozea huja mwisho. Ukianza na kamera ya kuongozea utazunguka usiku kucha.

Utahitaji vernia kalipa, kile kipimio cha unene (ya dijitali ni rahisi kusoma, ila hata ile ya kawaida inatosha), seti ya pete za nafasi zikiwemo zile nyembamba za plastiki za milimita 0.1 hadi 1, bisibisi za pembe sita, karatasi na kalamu.

1. Tafuta umbali wa kamera kuu

Lenzi ya kurekebisha, ile inayonyoosha nyota za pembeni mwa picha, huja na namba yake: umbali kutoka thredi yake ya nyuma hadi uso wa kihisi. Kwa lenzi nyingi ni mm 55. Namba hiyo imetokana na mfumo wa T2 wa kamera za picha za kawaida. Ndiyo maana Canon EF, ambayo kutoka mdomo wake hadi kihisi ni mm 44, hufungwa pete ya mm 11, na Nikon F yenye mm 46.5 hufungwa ya mm 8.5. Zote zinaishia 55. Ridusa (lenzi ya kufupisha fokasi) ya 0.63 inayotumika kwenye darubini za Schmidt-Cassegrain inataka nafasi kubwa zaidi, kama mm 105, na hapo OAG inaingia bila taabu.

Wenye kamera za Canon au Nikon wasome hapa kwa makini. Kwenye 55 ukitoa 44 ya Canon unabaki na mm 11 tu, kwa Nikon mm 8.5, na OAG ya kawaida ina unene wa mm 16 au 17. Haiingii. Itakubidi upate OAG nyembamba isiyozidi nafasi hiyo, ile inayokuja na mdomo wake wa kamera, au utumie darubini isiyohitaji lenzi ya kurekebisha. Usikubali muuzaji akwambie "itakaa tu".

Angalia thredi pia. M42 ya T2 ina hatua ya mm 0.75. Kuna M42 nyingine ya lenzi za zamani za kamera yenye hatua ya mm 1. Zinashikana mzunguko mmoja, kisha zinakwama. Ukihisi ugumu, acha hapohapo na uzungushe kurudi, maana thredi ya alumini ikishaliwa hairudi.

Kwa mfano wetu nitatumia darubini ya Newton yenye kioo cha milimita 200, fokasi 1000, yaani f/5 (1000 gawanya kwa 200), na kamera ya kupoozwa yenye kihisi cha APS-C (mm 23.5 kwa 15.7). Hesabu iko hivi:

OAG: 16.5
Gurudumu la filta: 20
Kamera, kutoka mdomo hadi kihisi: 17.5
Jumla: 54

Usiziamini namba za boksi peke yake. Pima kila kipande kwa kalipa, na kumbuka kwamba thredi dume inayozama ndani ya kipande kingine haihesabiwi. Unapima kutoka bega hadi bega.

2. Ongeza filta kwenye hesabu

Kioo kinachokaa kati ya lenzi na kihisi husukuma fokasi nyuma kwa takriban theluthi moja ya unene wake. Filta ya mm 2 inasukuma kama mm 0.67, ya mm 3 inasukuma mm 1. Kwa hiyo lengo letu linapanda kutoka 55 hadi 55.67, na kwa kuwa tuna 54, tunahitaji pete za mm 1.67. Moja ya 1, moja ya 0.5 na nyembamba moja au mbili zinamaliza kazi.

OAG ikae mbele ya gurudumu la filta, upande wa darubini. Ukiiweka nyuma, kamera ya kuongozea itaona anga kupitia filta, na ukifunga ya haidrojeni alfa (inayopitisha mwanga mwekundu kidogo tu) nyota karibu zote zitapotea.

Filta zako zote ziwe na unene mmoja. Kama nyekundu ni mm 2 na ile ya haidrojeni ni mm 3, utafokasi upya kila ukibadilisha, na kila ukifokasi upya kamera ya kuongozea inatoka kwenye fokasi yake. Tofauti ya theluthi ya milimita kwenye f/5 inatandaza nyota kwa mikroni 65 hivi. Kwenye kamera yenye pikseli za mikroni 3.75 hiyo ni upana wa pikseli 17. Nyota hafifu ikitandazwa hivyo haionekani tena.

3. Weka prizimu mahali pake

Prizimu ikishuka sana inatupa kivuli kwenye picha. Ikipanda sana inachungulia ukuta. Usikisie, piga hesabu.

Chukua nusu ya upande mfupi wa kihisi: 15.7 gawanya kwa 2, unapata 7.85. Kisha hesabu upana wa mwanga pale prizimu ilipo. Tuchukulie prizimu iko katikati ya OAG: kutoka hapo hadi kihisi ni 8.25 na 20 na 17.5, jumla 45.75. Gawanya kwa mara mbili ya namba ya f, yaani 10, unapata 4.6. Jumlisha na 7.85: ukingo wa chini wa prizimu uwe kama mm 12.4 kutoka katikati ya tundu. Hapo haigusi hata chembe ya mwanga wa kamera kuu.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa upande mrefu. 11.75 na 4.6 ni zaidi ya 16. Tundu la M42 lina nusu kipenyo cha mm 19 au 20 tu, kwa hiyo prizimu ya mm 8 ingebaki na kipande kidogo sana cha kuona. Ndiyo maana prizimu lazima ikae juu ya upande mrefu wa kihisi, sambamba nao, isikae upande mfupi wala kwenye kona. Zungusha kamera kuu mpaka upande wake mrefu ulingane na prizimu, kisha kaza. Kama unanunua vipya, chukua M48 badala ya M42, hasa kwa darubini za f/5 na kushuka. Zile milimita chache za upana utaziona kwenye idadi ya nyota.

Usihofu prizimu ikizidi kushuka kwa milimita moja. Kivuli chake kitakuwa laini na picha za flati (za uso ulioangazwa sawasawa) zitakifuta. Mimi ningependelea kivuli laini chenye nyota nyingi za kuongozea kuliko picha safi isiyo na nyota ya kuongozea.

4. Kamera ya kuongozea ikae umbali gani

Safari ya mwanga kutoka prizimu hadi kihisi cha kamera kuu iwe sawa na safari yake kutoka prizimu hadi kihisi cha kamera ya kuongozea. Kwenye mfano wetu ya kwanza ni mm 45.75. Lakini ndani yake kuna filta iliyosukuma fokasi nyuma kwa 0.67, na kamera ya kuongozea haina filta. Toa hiyo: 45.08. Kisha prizimu yenyewe ni kioo. Mwanga unapita ndani yake mm 8, na theluthi ya hiyo ni kama 2.7. Ongeza: 47.8. Kama OAG yako ina kioo bapa cha kuakisi badala ya prizimu, usiongeze kitu.

Hivyo kihisi cha kamera ya kuongozea kiwe kama mm 47.8 kutoka katikati ya prizimu. Kamera kama ASI120MM Mini ina kihisi mm 8.5 ndani ya mdomo wake, kwa hiyo mdomo unapaswa kuwa mm 39 hivi kutoka prizimu. Pima bomba la OAG yako. Ukiona mdomo unafika hapo huku bado kuna milimita 2 au 3 za kusogeza kila upande, umefaulu nusu ya kazi hata kabla jua halijazama.

5. Pete ziwe mbele au nyuma ya OAG?

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na ndiyo hatua ninayoomba uisome mara mbili.

Tuna pete za mm 1.67 za kuweka. Zikikaa mbele ya OAG, upande wa lenzi, umbali wa jumla unatimia na umbali wa prizimu hadi kamera kuu haubadiliki. Zikikaa nyuma ya OAG, upande wa kamera kuu, umbali wa jumla unatimia vilevile, lakini prizimu inakuwa mbali zaidi na kamera kuu, na kamera ya kuongozea nayo inapata ruhusa ya kukaa mbali zaidi.

Kwa hiyo, kama umeisukuma kamera ya kuongozea ndani mpaka imegota na bado inataka kuingia, hamishia pete nyuma ya OAG. Kama umeivuta nje mpaka inakaribia kuchomoka na bado inataka kutoka, rudisha pete mbele, au funga pete kwenye shingo ya kamera ya kuongozea yenyewe. Jumla ya kamera kuu inabaki 55.67 katika hali zote. Usiongeze pete mpya nyuma ya OAG bila kutoa nyingine mbele, maana hapo utakuwa umeharibu kona za picha kwa ajili ya kuiridhisha kamera ya pembeni.

Wenye darubini zenye nafasi kubwa, kama hao wa ridusa ya mm 105, wana pete nyingi za kuchezea na watapata mahali pazuri haraka. Sisi wa 55 tunabanwa, na wakati mwingine suluhisho pekee ni kamera ya kuongozea yenye umbo la bomba linalozama ndani ya shingo ya OAG.

6. Jaribu mchana

Kigoma tumepewa kitu ambacho wapiga picha wengi hawana: milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, kama kilomita 50 kutoka tulipo. Kwa darubini ya fokasi ya milimita 1000, kitu kilicho umbali huo kinatofautiana na nyota kwa mm 0.02 tu kwenye fokasi. Ukifokasi kwenye ukingo wa mlima, umefokasi kwenye anga.

Fanya kazi hii asubuhi, jua likiwa nyuma yako linamulika milima. USIELEKEZE DARUBINI MAGHARIBI KUANZIA ALASIRI. Jua letu linazama juu ya ziwa, na darubini ya milimita 200 ikilinasa hata kwa sekunde chache inaunguza kihisi, na ikiwa jicho liko pale linapofuka.

Baada ya mvua milima inaonekana wazi hadi mabonde yake. Kiangazi, moshi wa nyika na vumbi huifunika siku nyingi. Hapo tafuta mnara wa simu ulio mbali. Wa Tabora, kwenye nchi tambarare ya miombo, mtatumia mnara siku zote, na unafaa kabisa. Ukiwa kilomita 2 utasogeza fokasa (sehemu ya darubini inayosogeza kamera ili kufokasi) kama nusu milimita ukilinganisha na nyota, lakini kamera zote mbili zinasogea pamoja, na hapa tunatafuta usawa wao tu.

Utaratibu:

a) Washa kamera kuu peke yake, muda mfupi kabisa wa picha, fokasi mpaka mistari ya mnara au ukingo wa mlima uwe mkali. Funga skrubu ya fokasa. Usiiguse tena.

b) Washa kamera ya kuongozea. Utaona ukungu. Sogeza darubini mpaka mnara uingie kwenye kamera hii, kwa sababu inatazama pembeni. Kwa mm 16 nje ya katikati na fokasi 1000, hiyo ni karibu nyuzi 0.9.

c) Isogeze kamera ya kuongozea polepole ndani na nje kwenye shingo yake, au zungusha fokasa yake ndogo kama inayo, mpaka picha ikae sawa.

d) Kaza. Chora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha pale bomba linapoingia kwenye shingo. Rangi hiyo haifutiki kwa jasho wala umande, na ukifungua vifaa kusafiri, unajua pa kurudisha.

Kama hakuna mahali ambapo picha inakaa sawa, rudi hatua ya 5.

7. Malizia usiku

Kamera kuu kwanza tena, kwenye nyota angavu, kwa barakoa ya Bahtinov (kifuniko chenye mipasuo kinachosaidia kufokasi). Kisha toa barakoa, nenda kwenye eneo lenye nyota nyingi na rekebisha kamera ya kuongozea kwa kiasi cha unywele tu. Tumia picha za sekunde 2 hadi 4. Nyota zake hazitakuwa duara. Ziko nje ya eneo ambalo lenzi inalinyoosha vizuri, kwa hiyo zitakuwa na mikia au mabawa. Ziache hivyo. PHD2, programu ya kuongozea, inatafuta kitovu cha mwanga, na umbo baya lisilobadilika haliisumbui.

Kwenye PHD2 andika urefu wa fokasi wa darubini kuu, siyo wa darubini ndogo uliyokuwa ukitumia zamani. Kwa 1000 na pikseli za mikroni 3.75 kila pikseli ni sekunde za tao 0.77. Ukisahau kubadilisha, programu itapiga hatua za kalibresheni (jaribio la kujua stendi inaitikiaje amri) kwa makosa na grafu itakuonyesha namba za uongo. Tengeneza pia maktaba ya picha za giza (zinazopigwa darubini ikiwa imefunikwa), maana pikseli mbovu inaweza kudhaniwa nyota.

Kalibresheni inapendwa ifanywe karibu na ikweta ya anga. Kwetu, nyuzi 5 kusini, ikweta hiyo inapita karibu na utosi kabisa, na Nebula ya Orion yenyewe inavuka juu ya vichwa vyetu. Darubini ikitazama huko, zile za lenzi na Schmidt-Cassegrain zinaning'iniza mkia wote wa kamera kuelekea miguu ya stendi. OAG, gurudumu na nyaya zimeurefusha mkia huo. Izungushe kwa mkono mchana uone inagusa wapi, na usiku fanya kalibresheni ukiwa nyuzi 15 hadi 20 mashariki au magharibi ya utosi.

Usipange shabaha za magharibi chini juu ya ziwa katika usiku wa giza. Wavuvi wa dagaa wanafuata giza la mwezi kama sisi, na taa zao zinajaza upeo. Ni kazi yao, na ina haki ya kwanza. Mashariki na kusini kunabaki kweusi, na Njia Nyeupe kwenye kundinyota la Mshale inapita juu vizuri katikati ya mwaka.

8. Soma kona za picha

Piga picha moja ya sekunde 60 au zaidi huku kamera ikiongozwa, kisha kuza kona zote nne. Kwa lenzi nyingi, nyota zilizovutika kuelekea katikati zinamaanisha kihisi kiko karibu mno, ongeza pete. Nyota zilizovutika kuzunguka katikati zinamaanisha kiko mbali mno, punguza. Badilisha nusu milimita kwa wakati mmoja, na uweke au utoe pete mbele ya OAG, ili kazi yako ya hatua ya 6 isiharibike. Kona moja ikiwa mbaya na tatu nzuri, hilo ni suala la kuinama kwa kamera. Kagua skrubu zilizolegea.

Kisha piga flati. Ukiona kivuli cha mstatili kwenye upande mrefu, hiyo ni prizimu. Ikiwa ni hafifu, iache. Ikiwa ina ukingo mkali, ipandishe milimita moja. Ukiipandisha, kamera ya kuongozea imepanda pamoja nayo, kwa hiyo kagua fokasi yake tena.

Andika namba zako zote kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya mfuniko wa sanduku: unene wa kila kipande, pete zilipo, mbele au nyuma. Siku ukibadilisha kamera kuu, filta au lenzi, anza upya hatua ya 1. Ukibadilisha kamera ya kuongozea peke yake, anza hatua ya 4.